Droni Zilifika Kenya Mapema, Karatasi Ndizo Zilichelewa

Mwaka wa 2013 Kenya ilikuwa mbele ya Rwanda kwa mambo ya droni. Najua inasikika kama porojo. Leo mtu yeyote akitaja droni na Afrika kwa sentensi moja, nchi inayotajwa ni Rwanda: damu inapita juu ya milima, inashushwa kwa parachuti karibu na hospitali, nesi anaiokota na kazi inaendelea. Sisi tunatajwa kwa M-Pesa na mbio za marathoni, basi. Lakini ukirudi nyuma ufuate tarehe moja baada ya nyingine, unapata kwamba wazo lilikuwa hapa, watu walikuwa hapa, na hata pesa zilikuwa zimeanza kuingia. Kilichokosekana ni karatasi.

Hiyo ndiyo historia ninayotaka tuipitie leo, kwa sababu wengi wetu tunaoishi kwa kamera tunadhani biashara ya droni Kenya ilianza juzi, na tunasema ilichelewa kwa sababu sisi ni nchi maskini. Hapana. Umaskini ulikuwepo Rwanda pia.

Kabla ya sheria kulikuwa na watu

Tuanze na mashine yenyewe. Kwa miaka mingi droni ilikuwa kitu cha jeshi. Kilichoigeuza kuwa bidhaa ya dukani ni hiyo simu uliyoshika. Viwanda vilipoanza kutengeneza simu kwa mamilioni, vipuri vidogo ambavyo zamani vilikuwa ghali vikashuka bei: kipokezi cha GPS, kamera ndogo, betri nyepesi ya lithiamu, na vile vihisio vinavyoifanya simu ijue kama umeilaza au umeisimamisha. Chukua vitu hivyo, vifunge kwenye fremu ya plastiki yenye feni nne, weka kompyuta ndogo inayorekebisha kasi ya kila feni mara nyingi kwa sekunde, na una chombo kinachoweza kusimama hewani hata kama anayekiongoza ni mwanafunzi.

Kampuni ya DJI, iliyoanzishwa Shenzhen huko China mwaka 2006, ilileta sokoni droni yake ya Phantom Januari 2013 kwa dola 679. Kwa bei ya dola ya wakati huo hiyo ilikuwa chini ya shilingi elfu 60. Ni pesa, lakini si pesa ya kukodi helikopta pale Wilson kila ukitaka picha ya juu.

Wakenya hawakungoja hata hiyo Phantom. Mwaka 2012 mwanahabari Dickens Olewe alishinda ufadhili wa African News Innovation Challenge kwa mradi alioupa jina African SkyCAM. Wazo lilikuwa rahisi kuelewa: mto ukivunja kingo au moto ukizuka, chombo cha habari ambacho hakiwezi kulipia helikopta kinabaki chini kikipiga picha za watu wakikimbia. Ukiwa na droni, unaonyesha maji yamefika wapi. Angalia tarehe tena: 2012. Wakati huo hata nchi tajiri zilikuwa bado zinajiuliza kama mwanahabari anaruhusiwa kurusha kitu kama hicho.

Kule Laikipia, hifadhi ya Ol Pejeta ilikuwa na shida nyingine. Hifadhi hiyo ina ekari kama elfu 90, na tangu Desemba 2009 ilikuwa imepokea vifaru weupe wanne wa kaskazini kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové nchini Cheki, miongoni mwa wa mwisho wa aina yao duniani. Ujangili ulikuwa umepanda. Mwishoni mwa 2012 kuingia 2013, Ol Pejeta ikachangisha pesa mtandaoni kutoka kwa watu wa kawaida ili ipate droni ya kulinda vifaru usiku na mchana, ikashirikiana na kampuni ya Marekani iitwayo Airware kufanya majaribio.

Na kule Mara, shirika la Mara Elephant Project lilipoanza kutumia droni ndogo kufuatilia ndovu liligundua jambo ambalo halikuwa kwenye mpango: ndovu anaikimbia droni. Maelezo yao ni kwamba mlio wake unafanana na wa nyuki, na ndovu, ukubwa wote huo, haelewani na nyuki. Mkulima yeyote wa Narok au Taita aliyewahi kuamka akute shamba la mahindi limegeuzwa uwanja wa mpira anajua thamani ya ugunduzi huo.

Kwa hivyo hesabu ilikuwa hivi kufikia 2013. Habari, ulinzi wa wanyama, kilimo. Sekta tatu, zote zilianza kujaribiwa hapa kwetu na watu waliokuwa na sababu halisi. Hakuna aliyekuwa anacheza.

Mlango ukafungwa

Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi waliingia Westgate. Watu 67 waliuawa. Mimi nilikuwa mtoto wa shule, lakini hata mtoto alihisi nchi imebadilika: ukaguzi kila mlango, begi zinafunguliwa, wazazi wakikataza watu kwenda maduka makubwa.

Sasa jiweke kwenye kiti cha afisa wa usalama mwaka 2014. Anakuja mtu anakwambia anataka kurusha chombo chenye kamera, kinaendeshwa kutoka mbali, hakionekani kwenye rada, na kinaweza kubeba mzigo mdogo. Utamwambia nini? Mimi siwacheki hao watu. Nchi ilikuwa imezika watu wake, na baadaye, Aprili 2, 2015, tukapoteza wengine 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Hofu ilikuwa ya kweli.

Kilichofuata ndicho kilichoamua historia. Mwaka 2014 serikali ikasimamisha mambo ya droni za kibinafsi, na mradi wa Ol Pejeta ukakaa chini. Januari 2015 Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini, KCAA, ikatangaza kwamba yeyote anayetaka kurusha droni lazima apate kibali cha mamlaka hiyo na cha Wizara ya Ulinzi. Kwenye karatasi hiyo si marufuku. Lakini hakukuwa na kanuni zinazosema kibali kinapatikana vipi, kwa muda gani, kwa ada gani, na ukinyimwa unakata rufaa wapi. Mlango usio na kitasa ni ukuta tu.

Watalii wakawa wanaacha droni zao kwa forodha pale uwanjani. Waliokuwa nazo tayari wakaendelea kuzirusha kimyakimya. Hapa ndipo nataka uwe makini, kwa sababu biashara haikufa. Ilijificha. Video za harusi zenye picha za juu ziliendelea kutoka, video za wanamuziki ziliendelea kutoka, matangazo ya ploti yaliendelea kutoka. Kila mtu aliona hizo picha, na hakuna aliyeuliza zilipigwa na nani. Sekta nzima ikajifunza kufanya kazi bila risiti, bila bima, bila jina.

Si kawaida yetu kufunga kwanza

Kinachonishangaza ni kwamba Kenya si nchi yenye tabia ya kufunga kwanza. Biashara kubwa za nchi hii zilikua kabla ya sheria, halafu sheria ikazifuata nyuma ikihema.

Matatu zilikuwa zinabeba watu kinyume cha sheria kwa miaka, hadi mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta alipotangaza ziruhusiwe kubeba abiria wa kulipa bila zile leseni maalum za magari ya umma. Sheria kali za mikanda na vidhibiti mwendo zilikuja na John Michuki, zikaanza kutekelezwa Februari 2004. Hiyo ni zaidi ya miaka 30 baadaye. Ndiyo, watu walikufa barabarani katikati hapo, na hilo ni deni la kuachilia kila kitu. Lakini matatu zikawa zetu, zikamilikiwa na walimu, wafanyabiashara wa soko na wastaafu.

M-Pesa ni mfano bora zaidi. Ilizinduliwa Machi 2007. Benki Kuu haikuwa na sheria ya pesa za simu. Haikusema basi ngoja tuiandike. Ilitoa barua ya kutokuwa na pingamizi, ikaiangalia ikikua. Mwishoni mwa 2008 maswali yalipozidi, Michuki huyohuyo, akiwa kaimu Waziri wa Fedha, akaagiza mfumo ukaguliwe. Ukakaguliwa, ukaonekana uko sawa, ukaendelea. Sheria ya mifumo ya malipo ya kitaifa ikapitishwa 2011, miaka minne baada ya watu kuanza kutumiana pesa.

Linganisha. Pesa za watu wote wa nchi ziliruhusiwa kupita kwenye simu huku sheria ikiandikwa. Droni ya kupiga picha kifaru ilikatazwa hadi sheria iandikwe. Kwa nini?

Nina jibu la sehemu mbili. Kwanza, wakati. M-Pesa ilikuja nchi ikiwa na uchumi unaopaa na hofu kidogo. Droni ilikuja Westgate ikiwa bado inanuka moshi. Pili, mwenyewe. Nyuma ya M-Pesa kulikuwa na Safaricom, kampuni ambayo serikali yenyewe ilikuwa na hisa. Nyuma ya droni kulikuwa na mwanahabari mmoja, hifadhi moja ya wanyama, na vijana wa harusi. Hakuna mkubwa aliyekuwa atapoteza pesa mlango ukifungwa. Kwa nchi hii, hilo swali la nani atapoteza ndilo hupima urefu wa foleni.

Rwanda ilifanya nini hasa

Watu husema Rwanda ilifaulu kwa sababu ni nchi ndogo na amri ni moja. Kuna ukweli hapo, lakini haitoshi. Nchi ndogo ni nyingi.

Rwanda ilichagua kazi moja. Damu. Fikiria damu kama bidhaa ya duka: chembe nyekundu zikiwekwa kwenye friji zinakaa siku 42 hivi, chembe sahani zinakaa siku 5 tu, na kuna makundi kadhaa ambayo mengine ni adimu. Hospitali ndogo ikiweka kila aina, nyingi itaharibika. Ikikosa kuweka, mama anayevuja damu baada ya kujifungua anasubiri gari lipande na kushuka milima. Hapo chombo kinachoruka kinafanya kazi ambayo barabara haiwezi. Unaweka akiba yote mahali pamoja, unapeleka mfuko mmoja mahali unapohitajika, saa ileile.

Februari 2016 serikali ya Rwanda na kampuni ya Zipline kutoka California zikatangaza makubaliano, mwaka huohuo nchi ikatoa kanuni zake za kwanza za droni, na Oktoba 2016 Rais Kagame akazindua kituo cha kwanza Muhanga. Hospitali ya Kabgayi, iliyo karibu, ikawa ya kwanza kupokea. Mpango wa mwanzo ulikuwa wa vituo 21 vya kuongeza damu magharibi mwa nchi. Desemba 2018 kituo cha pili kikafunguliwa Kayonza, mashariki. Droni zao hazifanani na zetu za harusi: zina mabawa kama ndege, zinarushwa na mtambo kama manati kubwa, zinaenda kama kilomita 100 kwa saa, zinaangusha kisanduku kwa parachuti bila kutua, na zikirudi zinanaswa hewani kwa kamba.

Je, ilisaidia? Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet Global Health mwaka 2022 ulionyesha damu ilifika haraka zaidi kwa dakika 79 hadi 98 ukilinganisha na gari, na damu iliyoharibika kwa kupitwa na wakati ikapungua kwa asilimia 67. Hizo si porojo za matangazo.

Lakini kuna jambo ambalo mashabiki wa Rwanda hulipita haraka. Zipline ilikuja Afrika kwa sababu kwao haikuruhusiwa. Kanuni za Marekani za droni ndogo za biashara zilianza kutumika Agosti 2016, na zilimtaka rubani aione droni yake kwa macho muda wote. Huwezi kupeleka damu mbali hivyo. Kwa hivyo Wamarekani nao walichelewa. Rwanda iliona nafasi kwenye uzito wa wengine, ikasema njooni mjaribie hapa, lakini mtafanya kazi tuliyochagua sisi, na mteja ni serikali.

Na haikuwa Rwanda pekee. Mwaka 2016 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa wanarusha droni kupiga ramani ya Unguja na Pemba, kijiji kwa kijiji. Juni 2017 Malawi pamoja na UNICEF wakafungua eneo la majaribio Kasungu, upana wa kilomita 40 kutoka kituoni, anga la kufikia mita 400, yeyote mwenye wazo zuri akaribishwe. Mwaka 2018 droni zilivuka Ziwa Victoria kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe zikibeba dawa, kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40. Ziwa lilelile letu. Mtu wa Mfangano akitazama kusini anaangalia maji hayohayo.

Malawi ndiyo inayoniuma zaidi. Hawakufungua nchi nzima, walifungua kipande. Laikipia ilikuwa inangoja kitu kama hicho tangu 2013.

Miaka ya karatasi

Sisi tulikuwa wapi muda wote huo? Tulikuwa tunaandika.

Mwaka 2017 kanuni za kwanza za droni zikachapishwa. Watu wakashangilia. Halafu 2018 Bunge la Taifa likazifuta. Hilo linawezekana kwa sababu ya sheria ya 2013 inayosema kanuni zinazotungwa na wizara au mamlaka lazima zishirikishe umma na zipelekwe Bungeni, na Bunge lina uwezo wa kuzibatilisha. Mimi naipenda hiyo sheria. Inazuia waziri kuamka asubuhi na kutufungia maisha kwa sahihi moja. Lakini kwa mtu aliyekuwa amekopa akanunua droni akitegemea kanuni za 2017, hiyo ilikuwa miaka mingine ya giza.

Kanuni tulizonazo leo zilitoka Machi 2020, mwezi uleule ambao korona ilitufungia nyumbani. Nimezisoma. Si mbaya. Zinagawa kazi kwa makundi matatu kulingana na hatari. Zinataka droni isajiliwe, aliye chini ya miaka 18 asimiliki, rubani awe na leseni, kampuni iwe na cheti cha uendeshaji, na ukileta droni kutoka nje uwe na kibali. Usipite futi 400 kwenda juu. Kaa mita 50 kutoka kwa watu na majengo usiyosimamia. Kaa kilomita 10 kutoka uwanja mkubwa wa ndege.

Hiyo ya mwisho ichore kwenye ramani ya Nairobi. Weka duara la kilomita 10 kwenye JKIA, lingine Wilson, lingine kambi ya wanahewa ya Eastleigh. Katikati ya jiji inafunikwa kabisa. Ile picha ya KICC jua likizama ambayo kila mtu anaitaka iko ndani ya duara. Sababu ipo: ndege ndogo za Wilson hushuka chini sana, na betri ya droni ikiingia kwenye injini au kioo cha rubani, abiria hawataulizwa kama video ilikuwa kali. Lakini matokeo yake ni kwamba mahali penye wateja wengi zaidi wa picha za juu ndipo penye ruhusa ngumu zaidi, na kijana anayeanza anakutana na hilo siku ya kwanza.

Mlango ulipofunguka, nani aliingia?

Tangu 2020 mambo yamesonga, na nataka nilisema hilo wazi kwa sababu kulalamika kila siku kunachosha. Kenya Airways ina kampuni yake ya droni, Fahari Aviation. Astral Aerial imetoka kwenye familia ya ndege za mizigo za Astral. Kenya Flying Labs wanafundisha. Zipline wenyewe wamefika Kisumu, kule Chemelil, wanapeleka bidhaa za afya. Kuna wapimaji ardhi wanaomaliza kwa asubuhi moja kazi iliyokuwa ya wiki. Kuna mashamba makubwa yanayopuliza dawa kwa droni.

Sasa soma orodha hiyo tena ukiangalia ni nani. Shirika la ndege. Kampuni ya mizigo. Wafadhili. Kampuni ya California. Shamba kubwa. Hao ndio waliokuwa na uwezo wa kungoja miaka saba. Miaka saba kwa kampuni kubwa ni mstari kwenye mpango. Kwa kijana wa Githurai ni ujana wote.

Hili ndilo ninalosema tangu mwanzo. Kuchelewa kwa sheria hakukuzuia droni, kulichagua wenye droni. Matatu zingengoja leseni kutoka siku ya kwanza, leo zingekuwa za kampuni mbili tatu. Tungepanda, ndiyo, lakini hatungezimiliki.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na kamera ndiyo inanilisha, kwa hivyo nina sababu ya kulifuatilia hili. Urubani wa droni ni mojawapo ya kazi chache za teknolojia ambazo hazikuulizi digrii. Unahitaji umri, afya, mafunzo na mtihani. Hakuna anayekuuliza ulipata gredi gani KCSE ya hesabu. Kwa watu kama mimi huo ulikuwa mlango mzuri sana. Lakini ukijumlisha ada ya mafunzo, leseni, usajili, bima, na cheti cha kampuni kama unataka kulipwa kihalali, jumla inazidi bei ya droni yenyewe. Ndiyo maana mpiga picha wa harusi bado anarusha kwa kujificha, na bwana harusi bado haulizi. Tuna sheria nzuri ambayo inawafaa waliokuwa na pesa, na soko la mtaani ambalo bado linaishi mwaka 2015.

Kinachoweza kufanywa sasa

Kanuni si msahafu. Zilifutwa mara moja, zinaweza kurekebishwa. Mimi ningeomba mambo matatu, na yote yameshafanywa mahali fulani.

La kwanza, njia nyepesi na ya bei nafuu kwa droni ndogo ya kamera inayorushwa chini, mchana, mbali na viwanja vya ndege na umati. Mtihani mfupi, usajili kwa simu, ada ambayo mtu wa bodaboda angeweza kuilipa. Anayepuliza dawa au kubeba mzigo abaki na masharti makali, hiyo ni haki.

La pili, mafunzo yapelekwe kwenye vyuo vya kiufundi vya kaunti. Tunafundisha huko umeme, mabomba na mekanika. Kijana wa Kericho anayejua kurusha droni juu ya majani chai ana kazi bila kuhamia Nairobi. Malawi ilifungua chuo chake cha droni na data Lilongwe Januari 2020, na Malawi haina pesa kutushinda.

La tatu, tufungue vipande vya anga kama Kasungu. Laikipia, Turkana, visiwa vya Homa Bay. Maeneo ambayo ndege ni chache na shida ni nyingi.

Na kwetu sisi wa kamera pia kuna neno. Kila ukirusha droni juu ya vichwa vya watu mazishini au karibu na njia ya ndege za Wilson, unamwandikia hotuba yule anayetaka kufunga mlango tena. Siku droni moja itamwangukia mtoto, hakuna atakayekumbuka vifaru wa Ol Pejeta wala damu ya Kabgayi. Serikali itarudi palepale pa 2014, na safari hii itakuwa na sababu yenye jina na picha. Kama unayo, isajili. Kama huwezi kumudu, pigia mwakilishi wako kelele kuhusu ada, badala ya kurusha usiku.

Mkulima wa Narok bado analala nje na tochi akingoja ndovu. Dawa ya hilo ilishajaribiwa hapohapo Mara, miaka kumi na zaidi iliyopita.